Uyoga na uvimbe wa mwili: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Malindi

Tangu nianze kuuza uyoga sokoni, haipiti Jumamosi bila mtu kuniuliza kama kweli unatibu magoti. Wengine huuliza kwa sauti ya chini, wamemshika mama yao mkono. Nalima uyoga chaza, ule ambao wengi huuita oista, kwenye banda nyuma ya nyumba yangu huku Msabaha. Kabla ya banda nilifanya kazi ya lishe miaka mingi, nikipima watoto na kuwashauri wenye kisukari. Kwa hiyo swali hilo linanigusa mfuko na dhamiri kwa pamoja, na nimeona niyajibu haya kwa maandishi, mtu ayasome nyumbani akiwa ametulia.

Huo uvimbe mnaousema ni upi? Mimi nina uvimbe shingoni.

Wa shingoni nenda ukaonwe na daktari wiki hii hii. Usiungoje uyoga.

Neno letu moja limebeba mambo mawili. Kuna uvimbe wa kinundu, yaani nyama iliyoota mahali isipotakiwa. Na kuna uvimbe wa moto, ambao madaktari huuita inflamesheni. Ukikanyaga mwamba wa matumbawe pale ufukweni ukachubuka, baada ya saa chache mguu unakuwa mwekundu, una joto, umefura na unauma. Dalili hizo nne Mrumi aitwaye Celsus aliziandika yapata miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanazikariri. Huo si ugonjwa. Ni askari wa mwili wamefika penye jeraha na wanafanya kazi yao.

Tabu huja askari wakikataa kurudi kambini. Moto mdogo unabaki ukifuka miezi na miaka: kwenye viungo vya mwenye baridi yabisi, kwenye njia za hewa za mwenye pumu, kwenye kuta za mishipa ya mwenye kisukari. Kwa macho huuoni. Daktari huutafuta kwa kupima damu, na kipimo kimojawapo huitwa CRP, protini ambayo ini huitoa kwa wingi pakiwa na moto mahali fulani mwilini. Ukisikia watu wanasema uyoga unapunguza uvimbe, wanauzungumzia moto huu.

Uyoga una nini ndani yake hata utulize moto?

Kwanza maji. Katika kilo moja ya uyoga mbichi, karibu gramu 900 ni maji, ndiyo maana sufuria iliyojaa hunywea ikawa kibakuli. Kilichobaki ndicho chenye habari.

Kuna nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, zinazojenga ukuta wa seli ya uyoga. Tumbo letu haliwezi kuzivunja, kwa hiyo zinateremka hadi utumbo mpana, na huko bakteria wazuri wanazichachua na kutoa asidi fupi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo. Utumbo ulioshiba hivyo huwa na ukuta imara, na takataka za bakteria hazipenyi kirahisi kuingia kwenye damu kuchochea moto. Vilevile, beta-glukani hukutana na seli za ulinzi zilizo utumboni. Seli hizo zina kipokezi kiitwacho Dectin-1, na mwaka 2001 ndipo ilipobainika kwamba kazi yake ni kuitambua beta-glukani.

Hapa naomba tuelewane, maana wauzaji wengi huteleza. Seli ya ulinzi ikishikwa na beta-glukani huamka. Mwili unaijua beta-glukani kama alama ya kuvu, na kuvu wengine ni maadui wanaoleta maradhi. Kwa hiyo kitu hiki kimoja, pengine huchangamsha ulinzi, pengine huutuliza, kutegemea kipimo, aina ya uyoga na hali ya mwili wenyewe. Mtu akikuambia uyoga "unaongeza kinga na kuondoa uvimbe" kwa pumzi moja, muulize ni lini unafanya lipi.

Kitu cha pili ndicho kinachonishangaza kila nikikifikiria. Kinaitwa ergothionini. Mfaransa Charles Tanret alikipata mwaka 1909 kwenye ergoti, kuvu inayoshambulia mashuke ya nafaka. Mwanadamu hawezi kukitengeneza, ng'ombe hawezi, mchicha hauwezi. Wanaokitengeneza ni kuvu na baadhi ya bakteria tu. Hata hivyo, mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba seli zetu zina mlango maalumu wa kukibeba kutoka kwenye chakula, na mwili hukihifadhi kwa muda mrefu kwenye chembe nyekundu za damu, ini, figo na macho. Seli za ulinzi zikipigana humwaga chembe kali za oksijeni, na chembe hizo huunguza adui pamoja na nyama ya jirani. Ergothionini huzizima. Mimi huona kwamba mwili usingeweka bawabu mlangoni kumpokea mgeni asiye na kazi, ingawa kazi hiyo yote bado inachunguzwa.

Vingine nivipitie upesi. Ergosteroli, ambayo jua huigeuza kuwa vitamini D, tutaifikia. Fenoli zimo pia, kama zilivyo kwenye mboga na matunda mengi. Reishi, uyoga mgumu unaouzwa kama dawa, una tritepeni, ndizo zinazoufanya uwe mchungu kama mwarobaini. Na kuvu ya kodisepsi ina kordisepini, ambayo maabara wameishughulikia sana lakini haimo kwenye uyoga wa mchuzi.

Je, yamethibitishwa kwa watu, au ni maneno ya maabara?

Mengi ni ya maabara, na ni vizuri ujue maabara hufanya nini. Huchukua seli za ulinzi za panya, wakaziweka kwenye kisahani, wakazidondoshea kipande cha ganda la bakteria. Seli zinadhani zimevamiwa. Ndani yake kuna swichi iitwayo NF-kB, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986, nayo ikiwashwa seli humwaga naitriki oksaidi na vijumbe vya kuita moto, kama vile TNF na IL-6. Kisha mtafiti humimina maji yaliyokamuliwa kwenye uyoga, akapima. Mara nyingi sana vijumbe hivyo hupungua. Majaribio ya namna hiyo yamefanywa kwa chaza, kwa shiitake, uyoga wa kahawia wa Asia Mashariki, na kwa batani, ule mweupe wa supamaketi, na matokeo yake yanafanana kiasi cha kunifanya niamini kwamba kuna kitu cha kweli hapo.

Lakini kisahani hakina tumbo wala ini. Maji yale yamekamuliwa yakawa makali, yakamiminwa moja kwa moja juu ya seli. Uyoga wako unapita mdomoni, tumboni, utumboni, inini, ndipo kidogo kifike kwenye goti. Kuzima njiti ya kiberiti kwa kikombe cha maji hakuonyeshi kwamba kikombe hicho kitazima paa la makuti likishika moto, na watu wa Malindi tunajua makuti yanavyoshika.

Kwa watu, utafiti upo lakini ni mdogo mdogo. Mwaka 2015 watafiti wa Florida, Marekani, walichapisha habari za vijana 52 wazima waliokula gramu 5 au 10 za shiitake mkavu kila siku kwa wiki nne. CRP ilishuka na seli zao za ulinzi zikafanya kazi vizuri zaidi. Habari njema, ila hapakuwa na kundi lililokaa bila uyoga la kulinganishwa nalo, na walikuwa watu wasioumwa. Mwaka 2007 huko Hong Kong walitoa matokeo ya wagonjwa 65 wenye baridi yabisi, baadhi wakipewa reishi pamoja na mitishamba mingine, baadhi vidonge vitupu. Waliopewa reishi walisema maumivu yalipungua kidogo, lakini vipimo vya moto kwenye damu havikuonyesha tofauti ya maana.

Huko Japani, lentinani iliyotolewa kwenye shiitake iliruhusiwa mwaka 1985 kusaidia matibabu ya saratani ya tumbo. Hii ndiyo habari inayosambazwa zaidi kwenye simu. Wanaoisambaza hawasemi kwamba lentinani hiyo ilisafishwa, ikapigwa sindano kwenye mshipa, na mgonjwa alipata dawa zake za saratani wakati huo huo. Mchuzi haupiti mshipani.

Mamangu ana baridi yabisi. Naweza kumwachisha dawa nimpe uyoga?

Hapana. Na nisikilize kwa nini.

Mamangu mzazi ana ugonjwa huu. Vidole vyake, vilivyosuka ukili na kukuna nazi maisha yake yote, vilianza kufura alfajiri asiweze kukamata kikombe mpaka jua lipande. Hospitali walimpa methotrekseti, inayomezwa mara moja kwa wiki, pamoja na foliki asidi. Ilichukua wiki kadhaa, kisha mikono ikatulia. Alirudi kusuka.

Halafu mtu akamletea kopo la poda ya uyoga. Akamwambia dawa za hospitali zitamwoza figo na kwamba poda haiendani nazo, achague moja. Mama akachagua poda. Alitumia miezi mitano, kopo baada ya kopo, kwa pesa alizokuwa akiletewa na watoto wake, nami miongoni mwao. Nilikuwa naenda kumsalimia kila Ijumaa na hakuniambia kwa kuwa alijua nitakataa. Mwezi wa kwanza na wa pili alijiona mzima, maana nguvu ya dawa ya zamani haimwishii mtu siku moja, na hapo ndipo wengi hutoa ushuhuda. Mwezi wa tatu maumivu yakarudi. Mwezi wa tano vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda upande. Alirejea kwenye dawa na maumivu yakapoa, lakini vidole havikunyooka. Moto wa ugonjwa huu hula gegedu na mfupa, na kilicholiwa hakirudi.

Sasa mamangu anakula uyoga wangu mara tatu kwa wiki, na methotrekseti anameza siku yake ileile. Chakula hakimzuii mtu kumeza dawa. Anayekwambia uchague kimoja, mwogope.

Na mkumbuke kwamba baridi yabisi ni jina tunalolipa magonjwa mengi. Goti la mzee lililochakaa kwa kazi ni jambo moja, na vidole vinavyofura asubuhi pande zote mbili ni jambo lingine linalotaka daktari mapema.

Nina jongo, na nimeambiwa uyoga una purini. Niache?

Purini, vitu ambavyo mwili huvivunja vikawa asidi inayochochea jongo, zimo, za wastani. Lakini mwaka 2004 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula sana nyama na vyakula vya baharini walipata jongo zaidi. Mboga zenye purini hazikuongeza hatari hiyo. Kwa sisi watu wa pwani, jicho liwe kwenye maini, dagaa na kamba kabla ya kuulaumu uyoga. Ukiwa katikati ya shambulio, kidole gumba cha mguu kinawaka, kula chepesi, kunywa maji, na ufuate dawa uliyopewa.

Uyoga upi ni bora?

Ule unaoweza kuupata mbichi na kuula mara kwa mara. Nasema hivyo kwa kumaanisha.

Kwa ergothionini, mwaka 2017 watafiti wa Pennsylvania walipima aina 13 na porcini ikaongoza. Huo ndio uyoga mkavu ambao Waitaliano wa mji wetu hutia kwenye wali wao. Ni ghali, na hauoti kwetu. Chaza na shiitake wana nyingi kuliko batani, ule mweupe wa mviringo unaoletwa supamaketi kutoka bara. Chaza ana faida nyingine kwa mkulima wa hapa: aina zake za waridi na za kijivu zinazostahimili joto zinakubali hewa yetu, na zinaota kwenye makumbi ya nazi, mabua ya mahindi na majani makavu ya migomba, vitu ambavyo tungevichoma.

Reishi siuweki kwenye chakula. Ni mgumu kama ubao.

Nipike vipi faida isipotee?

Swali ninalolipenda. Usile mbichi, hata kwenye saladi. Ukuta wa seli ya uyoga una kaitini, kitu kilekile kilicho kwenye gamba la kamba, na tumbo hulalamika. Chaza mbichi ana protini zinazoweza kudhuru seli, na moto huzivunja. Batani mbichi ana agaritini, kemikali inayoshukiwa kudhuru, ambayo hupungua ikipikwa. Shiitake asiyeiva vizuri humtoa mtu upele wa mistari mistari mwili mzima kama aliyechapwa fimbo. Madaktari wa Japani walioueleza upele huo mwaka 1977 walijua ni nini, lakini mgonjwa wa Malindi anaweza kuzunguka zahanati tatu kabla ya kuulizwa alikula nini juzi.

Ergothionini inastahimili moto lakini inayeyuka kwenye maji. Beta-glukani nazo hazitishwi na moto, na sehemu yake hutoka ikaingia kwenye supu. Kwa hiyo kosa kubwa ni lile la kuuchemsha uyoga na kumwaga maji. Unamwaga ulichokitafuta.

Mimi hufanya hivi. Uyoga nachana kwa vidole kufuata nyuzi zake, sikati kwa kisu. Sufuria inapata moto mkavu, bila mafuta, uyoga unatoa maji yake na kuyanywa tena mpaka unaanza kushika rangi. Hapo natia mafuta kidogo, kitunguu, saumu, tangawizi iliyotwangwa na manjano. Nyanya mbili zikilainika, namimina tui la pili, kisha tui zito mwishoni, na moto unakuwa mdogo lisikatike. Ndimu naikamulia mezani. Hakuna kinachomwagwa, mchuzi wote unaishia kwenye wali au chapati.

Na hili wengi hawalipimi: mteja wangu mmoja aliniambia uyoga umempunguzia maumivu ya viungo na uzito pia. Nilipomhoji, alikuwa amebadilisha chakula cha jioni kizima. Viazi karai na soda vimeondoka, pamekuja wali kidogo, uyoga na mchicha. Sitaki kumpokonya uyoga wangu sifa, lakini sukari na mafuta yaliyorudiwa kukaangiwa yalipoondoka, moto ulipoteza kuni. Hiyo pia ni njia ya uyoga kusaidia, kwa kukaa mahali pa kibaya.

Ni kweli nianike juani kabla ya kupika?

Ni kweli, na ni jambo rahisi linalosahauliwa. Ergosteroli iliyo kwenye uyoga hugeuka kuwa vitamini D2 ikipigwa na miale ya jua, kama ngozi yetu inavyofanya na mafuta yake. Uyoga uliokulia gizani bandani hauna vitamini hiyo karibu yoyote. Uanike jua la saa sita, baina ya dakika 15 na saa mbili, na gramu 100 zinaweza kukaribia mikrogramu 10, kiasi kinacholingana au kukaribiana na mahitaji ya siku ya mtu mzima. Geuza chini juu, ile mikunjo ya chini ya kofia itazame mbinguni, au uuchane kwanza. Kioo cha dirisha huzuia miale hiyo, basi uweke nje, kwenye ungo, ukifunikwa na chandarua chepesi kwa sababu ya nzi.

Vitamini D ina mkono wake katika kuziongoza seli za ulinzi. Mtu anaweza kuishi pwani na bado akakosa jua, kama anajistiri mwili mzima na kushinda ndani, au kama ni mgonjwa wa kitandani. Bibi wa namna hiyo mwanikie uyoga. D2 haidumu kwenye damu kama D3 ya samaki wa mafuta, kwa hiyo mpe na samaki.

Baada ya mvua za masika uyoga unaota kila mahali, hata vichuguuni na kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Si huo ni bure?

Uyoga wa vichuguuni ni mtamu, na wazee wanaoujua wanaujua kweli. Ukifuatana na mzee wa namna hiyo, aliyekula uyoga wa mahali hapo hapo miaka yote, mimi sina neno. Ukifuata picha za simu, nakuomba usifanye.

Majaribio ya mitaani hayafai kitu: kuweka sarafu ya fedha, kutia saumu uone kama inabadilika rangi, kuangalia kama wadudu wameula. Konokono hula uyoga unaoua mtu. Baadhi ya jamii ya Amanita wana sumu iitwayo amanitini, haivunjwi na kupikwa, kukaushwa wala kuchemshwa. Sumu hiyo hukaa kimya saa sita hadi kumi na mbili, wakati mwingine zaidi, ndipo kutapika na kuhara kuanze. Kisha mgonjwa hupata nafuu siku moja, jamaa wanashukuru, na ndani ini linakufa. Ukiona mtu ameanza kutapika saa nyingi baada ya kula uyoga wa porini, mpeleke hospitali mara moja na ubebe mabaki ya uyoga wenyewe, hata maganda. Usingoje kucha.

Kuna na mwingine mkubwa, mweupe, wenye magamba ya kahawia, unaoota kwenye nyasi za viwanja vya nchi za joto. Ukipevuka, mikunjo yake ya chini huwa ya kijani. Huo huchafua tumbo vibaya baada ya saa chache tu.

Hata ule salama, usiuchume kando ya barabara kuu wala karibu na jaa la taka. Uyoga hufyonza risasi na kadimiamu kutoka ardhini na kuvihifadhi.

Nile kiasi gani?

Hakuna kipimo rasmi. Mimi hushauri kiganja kimoja cha uyoga uliopikwa, mara tatu nne kwa wiki. Mwenye tumbo jepesi aanze na kidogo, kwa kuwa uyoga una manitoli, sukari inayojaza gesi kwa baadhi ya watu.

Nimekula siku tatu, sijaona tofauti.

Hutaona. Panadoli hufanya kazi baada ya nusu saa. Chakula hufanya kazi kwa miezi, na mara nyingi kazi yake ni kuzuia jambo ambalo hutalijua.

Na poda, vidonge, kahawa ya uyoga?

Mnajua tayari moyo wangu uko wapi. Nje ya hilo, kuna sababu. Huwezi kuona ndani ya kopo ni uyoga au ni unga wa nafaka uliooteshewa mizizi ya uyoga. Huwezi kujua nguvu yake. Na yapo maandishi ya madaktari kuhusu watu walioumia ini baada ya kutumia poda ya reishi. Kama umeshaamua, mwonyeshe mfamasia kopo lenyewe kabla ya kufungua.

Nani ajihadhari?

Aliyepandikizwa figo au kiungo chochote, anayetumia dawa za kushusha kinga, asiguse poda wala vidonge vya uyoga bila daktari wake kujua. Dawa zake zinalaza kinga na beta-glukani huweza kuiamsha. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda vivyo hivyo, hasa kwa reishi, na anayekaribia kufanyiwa upasuaji. Aliyewahi kuvimba midomo au kubanwa na kifua baada ya kula uyoga, auache kabisa. Mchuzi wa kawaida wa nyumbani kwa wengine wote hauna neno. Wajawazito wale uliopikwa ukaiva, na poda waziache.

Kuna hadithi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba uyoga ni katika Manna na maji yake ni dawa ya macho. Ndio huu?

Neno lililotumika kwa Kiarabu ni kam'a. Kwa Waarabu, hiyo ni kuvu ya jangwani inayokua chini ya mchanga, ya mviringo kama kiazi, na hufukuliwa baada ya msimu wa mvua. Wataalamu wanaiweka katika jamii ya Terfezia. Chaza ni kitu kingine, kinaota juu ya miti na mabua. Tafsiri ya hadithi nawaachia masheikh. Langu ni hili tu: msitie maji ya uyoga chaza machoni. Mama mmoja wa Mambrui alinijia na mjukuu aliyekwisha kutiwa, jicho jekundu limefunga. Jicho likiuma, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho.

Nimeanza kulima uyoga na sasa nakohoa kila nikitoka bandani. Ni vumbi?

Ni vumbi la uyoga wenyewe, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Chaza hutoa chembe za uzazi kwa mamilioni, utaziona asubuhi zimelala kama poda nyeupe juu ya mifuko. Ukizivuta siku baada ya siku, mapafu huanza kuziona adui na kuwaka moto: homa ya jioni, kikohozi, pumzi fupi, saa chache baada ya kazi, na ukipumzika siku mbili unapona, ukirudi bandani vinarudi. Watu hudhani ni malaria. Yaachwe hivyo miaka, mapafu hukakamaa.

Vuna mapema, kofia ikiwa bado imekunja ukingo kuelekea chini. Ikishatandazika na kugeuka juu, umechelewa na chembe zimetoka. Fungua matundu ya hewa upande wa kusi na upande wa kaskazini, dakika kadhaa kabla ya kuingia. Nyunyiza maji sakafuni kabla ya kufagia. Vaa barakoa nzito ya kubana uso, leso haitoshi. Mimi nilichelewa kuivaa mwaka wangu wa kwanza, na mpaka leo nikikaa bandani zaidi ya nusu saa bila hiyo, kifua kinanikumbusha. Ukiendelea kukohoa baada ya wiki mbili za kufanya haya, nenda ukapimwe kifua, na umwambie daktari kwa kinywa chako kwamba unalima uyoga, kwa sababu hataliwaza.